Kikombe Kizima cha Maziwa

Chepkoech alikagua yale majani jani moja moja, na hilo lazima lisemwe mapema, maana watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kusema alikuwa mzembe. Mzembe wapi! Alisimama kwenye dirisha la jikoni kwa Mama Freda, akainua kila jani la managu, mboga chungu ya kwao, kwenye mwanga, akaligeuza huku na huku, akalisuuza, akaliinua tena. Mdudu mmoja tu, hata mdogo wa kuonekana kwa shida, angeharibu chakula chote, kwa kuwa Wayahudi wanaoshika sheria hawali wadudu, na Mama Freda aliishika sheria kwa mikono miwili. Kwa miezi minane Chepkoech ndiye alikuwa macho ya yule mama. Hakutaka kumlisha mdudu.

Na hakumlisha mdudu. Alimlisha maziwa.

Tuelewane kwanza. Mama Freda Salinsky alikuwa mjane wa miaka themanini na minane, mfupi, mkali, mwenye kucheka ghafla. Macho yalikuwa yamemwisha kidogo kidogo mpaka sasa alibakiwa na ukungu tu. Aliishi peke yake katika nyumba ile ya mtaa wa Edgbaston aliyoingia akiwa bibi harusi, na humo alitembea bila fimbo, akijua kila ngazi na kila pembe ya meza. Chepkoech alikuwa Mkipsigis wa Bomet aliyehamia ughaibuni, mfanyakazi wa ejensi ya kutunza wazee. Alikuja asubuhi na jioni kutoka Erdington, upande mwingine wa jiji, treni hadi mjini kisha tremu. Siku ya kwanza aliambiwa amwite yule mzee Freda. Akakataa katakata. Mtu wa umri wa nyanya yako unamwitaje jina kavu kama unaita mbwa? Akawa Mama Freda, na mwenyewe akalipenda.

Jikoni mle vitu vyote vilikuwa viwili viwili. Upande wa kulia ulikuwa wa nyama na upande wa kushoto wa maziwa. Sufuria za nyama zilifungwa utepe mwekundu na za maziwa utepe wa buluu. Kulikuwa na sinki mbili, droo mbili za vijiko, hata vitambaa vya kufutia vyombo havikujuana. Torati inakataza nyama na maziwa kukutana, na kwa Mama Freda havikukutana hata kwa kupigana kikumbo. Chepkoech alijifunza haraka. Hakuweka siagi mezani penye nyama. Chai ya maziwa baada ya nyama ilingoja mpaka saa zake zipite. Ile jibini ya Mama Freda aliishika kwa adabu kama anashika sadaka.

Sasa mtu aliyeyajua yote hayo alikoseaje?

Alikosea kwa sababu kwao Bomet maziwa yakishaingia kwenye managu hayaitwi maziwa tena. Ni mboga. Hakuna Mkipsigis anayekwambia leo tumekula managu na maziwa, kama vile hakuna anayekwambia tumekula ugali na maji. Managu ni machungu, yanahitaji kitu cha kuyatuliza, basi mama hutia maziwa na malai juu yake, huyaacha yachemke polepole, na mtoto hula mpaka aombe kulamba mwiko. Kichwani mwa Chepkoech, maziwa ya marufuku yalikuwa yale ya kikombe, ya jibini, ya siagi. Haya mengine hayakuwemo kwenye orodha ya kichwa chake.

Halafu kulikuwa na mafua. Mama Freda alikuwa ameumwa wiki nzima, kila sahani akiisukuma kando. Alhamisi hiyo Lucie, Mkongo wa Bukavu aliyepanga nyumba moja na Chepkoech, alikuwa amemgawia tena managu aliyolima kwenye kishamba chake cha kukodi kule Castle Vale. Katika sufuria ya utepe mwekundu kulibaki mchuzi wa nyama ya ng'ombe, nyama ya kosher, yaani halali kwa sheria yao, iliyoletwa na watu wa ustawi wa jumuiya ya Kiyahudi, ambao huwapelekea wazee chakula majumbani. Chepkoech akatia managu mle mle kwenye mchuzi. Akaonja. Machungu! Akafungua friji, akamimina kikombe kizima cha maziwa na malai yake, akakoroga, akaonja tena. Akatabasamu peke yake, mjinga wa watu. Leo mama huyu atakula.

Na kweli alikula. Alipakuliwa kwenye bakuli lake la kaure lenye maua ya buluu, bakuli ambalo mama yake mzazi alilitoa Vienna akikimbia Wanazi, amelizungushia koti la mtoto, na mtoto mwenyewe, ndiye huyo Freda, amembeba mkono wa pili. Siku zote chakula cha nyama alikila katika bakuli hilo, na tangu macho yaishe hakukubali chombo kingine, kwa kuwa vidole vyake viliujua ukingo wake, palipo na pengo dogo na palipo laini. Alikula kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akachota tena.

"Chep," akasema, "haya si ndiyo yale majani ya juzi yaliyokuwa machungu kama dawa?"

"Ndiyo hayo, Mama."

"Mbona leo matamu hivi? Umeyafanya nini?"

Chepkoech akavimba kifua. "Nimeyapika vile mama yangu hupika."

"Yeye huyapikaje?"

"Hutia maziwa."

Mama Freda alikitua kijiko polepole. Akatafuta gilasi ya maji kwa vidole, akasukutua, akatema kwenye kitambaa cha karatasi. Chepkoech alikuwa bado anatabasamu alipolisikia neno lake mwenyewe. Maziwa.

"Sufuria ipi?" akauliza Mama Freda.

"Ya nyekundu."

"Na mle ndani kulikuwa na nini?"

"Mchuzi wa nyama. Mama, nisamehe. Haki ya Mungu, sikufikiri."

"Oi, Chep," akasema yule mzee kwa sauti ya chini. Afadhali angepiga kelele.

Chepkoech akasema basi atayabeba managu yale akale nyumbani na Lucie, yasipotee. Mama Freda akatikisa kichwa. Nyama ya ng'ombe na maziwa vikishapikwa pamoja, hakuna wa kufaidika navyo, hata paka wa jirani hapewi. Vyote vikaenda pipani. Sufuria, mwiko na bakuli vikasuuzwa kwa maji baridi na kuwekwa kando, na Mama Freda akasema visiguswe.

Simu ikalia papo hapo. Ilikuwa ya Lionel, mwana wa pekee wa Mama Freda, daktari wa meno huko Manchester. Alipiga kila jioni wakati wa chakula, na mamake hakuwahi kumficha kitu. Akamwambia yote, naye Chepkoech amesimama pale pale, sauti ya simu ikijaa jikoni.

Lionel hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu aliyechoka. Kabla ya Chepkoech, mtunzaji mmoja alikuwa ameweka nyama ya nguruwe ndani ya friji ile, na mwingine alikoroga chai kwa kijiko cha nyama mwezi mzima, eti vijiko vyote ni vijiko. Lionel aliapa kwamba kosa la tatu litakuwa la mwisho. Huko Manchester kulikuwa na nyumba ya wazee wa Kiyahudi, jiko la kosher, wapishi wanaojua kazi yao, na chumba kilichowekwa tayari kwa ajili ya mamake.

"Nakuja Jumapili," alisema. "Jumatatu tunahama. Na huyo dada, ejensi yake nitaiambia."

"Lionel, nisikilize," akasema Mama Freda. "Katika nyumba hii mimi si kipofu. Najua mlango uko wapi, najua baba yako alikuwa akikaa wapi. Ukinihamisha, siku hiyo ndiyo nitakuwa kipofu."

"Mama, mimi nakupenda. Jumatatu."

Simu ikakatika. Chepkoech akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa. Aibu ilimchoma kweli, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinachopanda, na kitu hicho kilikuwa hasira. Si kwa Lionel. Kwa nafsi yake. Mama huyu hahami kwa ajili ya kikombe changu, alisema moyoni. Nimeharibu mimi, nitatengeneza mimi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Kuna njia?" akauliza.

"Yuko rabi," akasema Mama Freda. "Yeye ndiye anayeamua. Na kuna jambo moja." Vidole vyake vikatembea mezani palipokuwa na bakuli. "Maziwa yakiwa tone tu, na chakula kikiyazidi mara sitini, sheria inayahesabu kama hayapo. Chakula ni halali, sufuria ni halali, na bakuli pia."

Chepkoech akafungua mdomo.

"Usiniambie!" Mama Freda akainua mkono. "Usiniambie ulitia kiasi gani. Lile bakuli nalipenda mno, nitataka kusikia tone hata ukisema ndoo. Kamwambie rabi."

Usiku huo Erdington, Lucie alimsikiliza huku akimenya viazi, kisha akacheka.

"Ma chère, mbona unalia bure? Sema tone. Rabi hakukuwa mule jikoni, na ule mama haone. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe! Wewe si polisi. Sikiliza, unabakia na kazi, ule mama anabakia kwa nyumba yake, mutoto yake anatulia, bakuli inabakia. Watu wote wanafurahi. Uongo gani huo unaofurahisha watu wote? Franchement, kusema ukweli, hiyo ni huduma."

Na wewe unayesikiliza, usijifanye malaika. Hoja ya Lucie ilikuwa na miguu, na Chepkoech alilala nayo. Tone. Neno dogo, halina mfupa. Lingemrudisha kila mtu mahali pake, na Mama Freda angeendelea kulitumia bakuli lililohalalishwa na rabi bila kujua lolote. Kufika asubuhi alikuwa karibu ameamua hivyo.

Ndipo akampigia mama yake Bomet. Hakutaka ushauri, alitaka tu kusikia sauti. Mama yake alikuwa ametoka kukama, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha badala ya kumpa pole akaguna.

"Ulipika maziwa na nyama katika chungu kimoja?"

"Ni managu, Mama. Mchuzi tu ulikuwa wa nyama."

"Managu kwa maziwa nilikufunza. Managu kwa maziwa na nyama nilikufunza lini?" Mama yake alikuwa amekasirika kweli. "Kogo wako angekutandika. Enzi zake aliyekula nyama hakugusa maziwa siku hiyo, hata akililia. Walisema ng'ombe atakauka, ndama atakufa. Sisi tulipoingia kanisani na shuleni tuliacha, tukaona ni ushamba. Huyo mama Mzungu unamwona wa ajabu? Ameshika kile sisi tulichokiachilia."

Chepkoech akabaki na simu sikioni. Kogo, bibi yake mzaa mama, alimkumbuka vizuri, mwanamke aliyekuwa akiosha kibuyu cha maziwa kwa mkaa na hakuruhusu mtu mwenye mafuta ya nyama mikononi akikaribie. Wajukuu walikuwa wakimcheka. Miezi minane Chepkoech alikuwa ameishika sheria ya Mama Freda kama sheria za kazini, kama zile za kuvaa glovu na kuandika saa ya dawa. Sasa ilimgusa mahali pengine kabisa. Alikuwa amevunja kitu ambacho watu wa nyumbani kwake walikilinda kabla hajazaliwa.

"Sasa utafanya nini?" mama yake akauliza.

"Nitakwenda kusema."

"Nenda basi. Na usiende na uso wa kulialia, nenda kama mtu."

Ilikuwa Ijumaa, na Sabato huingia jua likizama, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kuchezea. Chepkoech alipita kwa Mama Freda, akamwogesha, akampa chai na mkate upande wa buluu, kisha akatia sufuria, mwiko na bakuli ndani ya begi kubwa jeusi, akashika njia ya sinagogi. Hakuwahi kujiuliza mwanamke mgeni anaonekanaje akikaribia lango la sinagogi siku hizi za vitisho na begi zito jeusi linalogongagonga.

"Simama hapo hapo, mama," akasema mlinzi, Singasinga mrefu mwenye kilemba cha rangi ya machungwa na kitambulisho kilichoandikwa Ranvir. "Humo ndani mna nini?"

"Sufuria."

"Sufuria."

"Na mwiko. Na bakuli la watu, tafadhali usilitikise."

Ranvir akamwambia aliweke begi chini na arudi nyuma. Akalifungua kwa ncha za vidole, akachungulia, akanusa. Harufu ya managu ya jana ikamkaribisha. Akamtazama Chepkoech, akaitazama sufuria tena.

"Unamletea rabi chombo hakijaoshwa vizuri?"

"Ndugu yangu, kama ningeruhusiwa kukiosha vizuri ningekuwa hapa?"

Ranvir alishindwa kuzuia kicheko. Akapiga simu ndani, na punde akatoka mwanamume wa makamo mwenye ndevu za kahawia na shati lililokunjwa mikono, anayetembea haraka. Alikuwa Rabi Menashe. Kumbe Mama Freda alikuwa ameshampigia. Akambebea begi yeye mwenyewe mpaka ofisini, akaondoa vitabu juu ya meza, akavipanga vile vyombo vitatu. Bakuli alilishika muda mrefu kuliko vingine.

"Hili nalijua," akasema. "Nimelila mara nyingi. Yaani, nimekula ndani yake." Akatabasamu kwa huzuni. "Haya, nieleze."

Chepkoech akaeleza: mafua, managu, wadudu, mchuzi, maziwa. Rabi alisikiliza akikuna ndevu. Aliuliza sufuria ilijaa hadi wapi, chakula kilikuwa cha moto kiasi gani, bakuli lilitiwa chakula hicho kikiwa kinafuka au kimepoa. Kisha akafika pale.

"Na maziwa," akasema. Aliyatazama yale maua ya buluu, si Chepkoech. "Nadhani yalikuwa tone tu, sivyo? Wapishi wengi hutia tone, la kuondoa uchungu. Tone lingekuwa jambo jepesi sana."

Alikuwa amemfungulia mlango mpaka ukutani, na akasimama kando ampishe. Ilikuwa huruma tupu, na Chepkoech aliiona. Alifikiri juu ya Jumatatu, juu ya gari la Lionel likisimama nje, juu ya Mama Freda akipapasa kuta za chumba kigeni huko Manchester. Neno moja tu.

"Kikombe," akasema. "Kikombe kizima, na malai juu."

Rabi Menashe akafumba macho.

"Una hakika?"

"Nilikimimina mwenyewe, Rabi. Na nilikikomba kwa kijiko kisibaki kitu."

Hukumu haikuchukua muda. Sufuria na mwiko ni vya chuma, na chuma huweza kutakaswa: vingesuguliwa visibaki na doa, vikae siku nzima bila kutumika, kisha vizamishwe katika maji yanayotokota. Hilo lingefanyika Jumapili, na rabi angekuja mwenyewe. Lakini kaure ni udongo uliochomwa. Udongo hunyonya kilichomo, wala maji ya moto hayakitoi. Bakuli lile halingetumika tena kwa chakula. Angetaka, Mama Freda angeliweka rafuni kama pambo.

"Pambo!" Chepkoech akasema, na hasira ikamtoka bila kujali yuko mbele ya nani. "Rabi, yule mama haoni. Pambo la nini?"

"Najua," rabi akasema taratibu. "Najua, dada."

Kisha akainuka, akampeleka kwenye stoo nyuma ya jengo, ambako jumuiya iliweka vyombo vya kuazima kwa mtu yeyote aliyepatwa na shida: sahani, sufuria, vinara vya mishumaa, hata viti vya magurudumu. Chepkoech akachagua bakuli. Alifumba macho akapapasa ukingo wa kila moja, huku rabi akimngoja, mpaka akapata lenye ukingo mnene ambao kidole hakiwezi kuukosa.

Kumwambia Mama Freda ndiko kulikuwa kazi. Alimwambia wima, bila kuzunguka, kama mama yake alivyomwagiza. Yule mzee aliomba bakuli lake la zamani apewe mkononi, akalizungusha mara kadhaa, kidole gumba kikisimama kila kilipofika kwenye pengo. Machozi yakamshuka, na hakuyafuta.

"Kwa hiyo hayakuwa tone," akasema.

"Hayakuwa tone, Mama."

"Haya. Liweke juu kabisa, nisilifikie kwa bahati mbaya."

Siku ya Sabato alikula kwenye bakuli la kuazima, akimwaga hapa na pale kwa ugeni, na Chepkoech akafuta kimya kimya. Jumapili Chepkoech alifika mapema kuliko kawaida. Alisugua sufuria ile kwa waya wa chuma, akaingia kwenye mishono ya vishikio, akasugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kusugua tena. Rabi Menashe akaja na sufuria kubwa ya jumuiya na koleo refu. Wakachemsha maji mpaka yakafurika jikoni, wakazamisha sufuria, wakazamisha mwiko, wakavitoa na kuvimwagia maji baridi. Kisha rabi alirudi kwake, naye Chepkoech akiwa bado anapiga deki, Lionel akafika.

Aliingia na koti lake, funguo za gari mkononi. Alimbusu mamake, akamsalimu Chepkoech kwa kichwa tu. Alikuwa amezungumza na rabi kwa simu njiani. Alipoliona bakuli la nyanya yake limewekwa juu ya kabati, uso ukambadilika.

"Mama, lilitoka Vienna," akasema. "Lilimshinda Hitler. Halafu linakuja kushindwa na mboga, hapa Edgbaston?"

"Najua lilikotoka. Nilitoka nalo."

"Na bado unataka kubaki na huyu?"

"Keti, Lionel."

Hakuketi. Mama Freda akageuza uso kule ilikotoka sauti yake.

"Tangu macho yangu yaishe, kila mtu ananipa maneno matamu. Daktari ananiambia nimependeza. Yule jirani ananiambia bustani yangu imechanua, nami nasikia magugu yakisugua mlango. Na wewe, mwanangu, mwezi uliopita ulisema umekuja na mke wako, eti yuko kwenye gari amechoka, kumbe mmeachana tangu masika. Ndiyo, najua. Nyote mnaniambia tone." Akaweka viganja mezani. "Katika nyumba hii mtu mmoja tu ameniambia kikombe kizima, na alijua kitamgharimu nini. Kule Manchester wana wapishi wazuri, sina shaka. Siendi."

Lionel alisimama akiwa amewiva uso. Alimtazama mamake, kisha sakafu iliyolowa, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Chepkoech usoni.

"Rabi ameniambia kwamba alikupa nafasi," akasema. Hakuwa akigomba tena. "Anasema alikuwekea neno mdomoni. Ulikuwa unajua utafukuzwa kazi. Kwa nini hukulichukua?"

Chepkoech akaegemeza ufagio wa deki ukutani. Hakuwa na hotuba. Alifuta vidole vyake vilivyochubuka kwenye aproni, akafikiri, kwa kuwa swali lile lilistahili jibu la kweli.

"Mama Freda angekuwa anaona," akasema, "pengine ningedanganya. Angenikamata mwenyewe, tungegombana, yangeisha." Akamtazama yule mzee pale mezani. "Lakini haoni."

Lionel akavua koti, akaketi karibu na mamake, akapiga simu Manchester kuwaambia kile chumba wampe mtu mwingine.